Fimbo Tano na Nusu

Tarehe 3 Machi, mwaka wa thelathini na tatu tangu niondoke

Mdogo wangu Chaki,

Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya kidole cha buluu kwenye kona ya bahasha, nikajua imetoka kwako kabla sijasoma jina. Umri wote huu na bado unashika chaki kama ulivyokuwa ukishika zamani, uliposimama juu ya kreti la soda kumngoja Baba amalize kupiga mpira mezani ili uipake chaki ncha ya fimbo yake.

Kwa hiyo meza ya Baba imelala chini. Unasema mchwa walikwisha kula miguu miwili, na bamba la jiwe likapasuka Bwana Faulo akiwa ameinama juu yake, na sasa anaapa kwamba hakuegemea. Mwambie namwamini. Mwambie pia kwamba niko peke yangu katika imani hiyo.

Klabu ndani ya sebule ya nyumba ya watu ni kitu cha ajabu, lakini Baba aliianzisha hivyo, Mama akaivumilia hivyo, na tangu Mama atutoke mwaka juzi umeibeba wewe, binti yake, kama mwenyekiti. Sasa hoteli ya karibu na stesheni inafunga milango na kuuza meza zake mbili, kubwa ya snuka na ndogo ya pool, nanyi mnataka mimi nichague, kwa kuwa nusu ya maisha yangu huku ugenini nimeipitisha katika ukumbi wa meza. Nimekubali. Ila nitachagua kwa macho yako, kwa hiyo yatumie vizuri.

Nenda mchana, si jioni. Taa za hoteli huficha mengi. Pitisha kiganja juu ya kitambaa uone kimekwisha wapi. Bonyeza kingo za mpira kwa kidole gumba. Zikiwa ngumu kama mkate wa juzi, kataa. Kisha usukume mpira polepole sana toka mwisho mmoja hadi mwingine, usiupige, usukume tu. Mpira wa mwendo mdogo hausemi uongo. Ukipinda, ama meza haijasimama sawa ama jiwe limeinama.

Halafu pima sebule. Usipime kwa hatua, maana hatua zako hufupika ukikasirika. Pima kwa fimbo ya Baba, ile ya kuchezea. Naijua kuliko ninavyojijua: ukiisimamisha, ncha yake inanigusa kidevu. Meza haihitaji mahali pa kulala tu. Kila upande lazima ibaki nafasi ya fimbo nzima, mchezaji avute mkono nyuma bila kugonga ukuta. Niambie urefu wa sebule ni fimbo ngapi na upana ni fimbo ngapi, nami nitakuambia meza ipi.

Mwakani, Mungu akipenda, nitakuja niicheze mwenyewe.

Kaka yako


Tarehe 29 Machi

Kaka, shikamoo.

Tulikwenda hotelini watatu: mimi, Fundi Cherehani ambaye ndiye katibu wetu, na Bwana Faulo ambaye hakualikwa. Amebaki mhudumu mmoja tu mle ndani, amekaa kaunta na funguo kama mtu anayelinda msiba. Alituacha tufanye tunavyotaka.

Meza ndogo ni nzuri kwa mbali. Kitambaa kina madoa ya duara yaliyoachwa na glasi, na mpira wako wa polepole ulijikunja kushoto karibu na mwisho. Mhudumu akasema ni mguu mmoja tu, utawekewa kipande cha mbao. Meza kubwa, Kaka, sijui niseme nini. Mpira ulikwenda moja kwa moja kama mtu anayewahi kazini. Kingo ni laini. Kitambaa kimechoka upande mmoja, lakini kinabadilishwa. Bwana Faulo alitumbukiza mpira mweupe mfukoni, kosa lake la siku zote, kwa pigo la kwanza, katika meza zote mbili, kwa hiyo tumejua pia kwamba mifuko inafanya kazi.

Nimepima sebule kama ulivyoagiza. Fimbo ya Baba imetoa tano na nusu kwa urefu na tano kwa upana.

Ungeniuliza mimi, ningesema ndogo. Inatutosha sisi tulivyo. Lakini mwenyekiti hapigi kura, na nimewaambia wanachama kwamba uamuzi ni wako peke yako, na kwamba nitaisoma barua yako mbele yao itakapofika.

Chumba chako nimekipaka rangi nyeupe. Kitanda kiko palepale, mashati yamening'inia palepale. Nafungua dirisha kila asubuhi godoro lipate hewa, kama Mama alivyotaka. Wewe unajua nyumba hii ilivyo, sina haja ya kukueleza kipi kiko nyuma ya kipi. Chagua, Kaka. Chochote utakachochagua, nitakuelewa.

Mdogo wako,
Chaki


Tarehe 30 Machi

Kwako Mzee,

Shikamoo. Hatujaonana, maana nilihamia mtaa huu baada ya wewe kuondoka, lakini mimi nimekushonea. Marehemu Mama yenu alikuwa akiniletea kitambaa kila mwaka nikushonee shati la kukungoja, pamoja na shati lako la zamani la kupimia. Yote yako chumbani kwako. Nasema hivi ili ujue kwamba si mgeni anayekuandikia.

Ninaandika kama katibu. Katika kikao chetu wanachama tisa walitaka meza kubwa, wawili ndogo, na Bwana Faulo alitaka zote mbili. Tumekubaliana kufuata neno lako.

Kuna suala la ukuta uliopo kati ya sebule na chumba cha pili. Mwenyekiti amemkataza mtu yeyote kukuandikia habari za ukuta huo. Anasema uchague mwenyewe kwa moyo wako, bila kusukumwa. Kwa hiyo siandiki.

Nilitaka kupima sebule kwa tepu yangu, akanikatalia. Alisema umeagiza fimbo.

Wako mtiifu,
Katibu (Fundi Cherehani)


Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu Chaki,

Nimezisoma namba zako hadi nimezikariri. Fimbo tano na nusu. Ningesimamishwa mbele ya hakimu, ningekula kiapo kwamba sebule ile haifiki fimbo nne. Nilikuwa nikiifagia kila Jumamosi. Najua kutoka mlangoni hadi kabati la Baba palikuwa pafupi kiasi kwamba Bwana Posta, yule mchezaji wa siku zile, alizoea kukaa ameegemea kabati na kuweka miguu mlangoni, watu wakamruka.

Vitabu vingi nilivyosoma vinasema kwamba mtu akiwa mbali huikuza nyumba ya kwao kichwani, akirudi huikuta imenywea. Yangu imefanya kinyume. Nimekaa huku miaka yote nikiipunguza, naona, kama mtu anayekunja nguo ili ienee kwenye sanduku dogo. Imenichanganya, sikufichi. Kwa siku kadhaa nimekuwa nikitembea ukumbini hapa nikijiuliza ni kipi kingine ninachokumbuka vibaya: mlango wa jikoni, sauti ya Baba, rangi ya kanga ya Mama. Lakini wewe uko pale na fimbo mkononi, mimi niko huku na kichwa cha mzee. Nimesalimu amri.

Kwa vipimo hivyo, chagueni kubwa. Inaingia bila taabu na itabaki nafasi ya benchi la watazamaji. Sina shaka hata kidogo. Ndogo ni ya watu wasio na nafasi.

Meza ikifunguliwa, mawe yake yatatoka vipande vizito. Kila kipande kibebwe na watu wanne na kisimamishwe kwa ubavu, kisilazwe garini. Sakafu yenu ni ya saruji, itabeba.

Fundi Cherehani ameniandikia habari za ukuta fulani ambazo anasema haziandiki. Nadhani ni unyevu. Ukuta ule ulikuwa ukitoa maji tangu zamani. Fanyeni mnavyoona, msiuonee huruma. Mimi nilikwisha kuusahau.

Kaka yako


Tarehe 30 Mei

Kaka,

Nimeisoma barua yako mbele ya wanachama kama nilivyoahidi. Nilipofika pale uliposema huna shaka hata kidogo, walipiga makofi. Nilipofika kwenye ukuta nilisoma pia, sikuruka neno.

Sikutegemea ungelisema kwa ufupi hivyo, lakini sina lawama. Niliomba uchague, umechagua.

Godoro nimempa jirani wa nyuma, ana mgeni. Kitanda kimefunguliwa. Vitabu vyako nimevifunga katika maboksi mawili. Andika kama unataka vitumwe huko uliko au vigawiwe. Mashati sijui nifanye nini nayo.

Mwenyekiti


Tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimesema nini? Niliulizwa kuhusu meza, nikajibu kuhusu meza. Unanijibu kuhusu godoro.

Na tangu lini unajiita mwenyekiti kwangu? Barua zako zote za miaka thelathini na kitu zimeandikwa Chaki mwishoni, hata ile uliyonipa habari za kifo cha Mama.

Kama kuna neno langu lililokuumiza, lionyeshe kwa kidole. Nimeisoma nakala ya barua yangu, huwa naweka nakala, na sioni kosa ila ule mzaha kuhusu miguu ya Bwana Posta. Kitanda kimefunguliwa kwa nini? Nilisema mwakani nitakuja. Nitalala wapi, juu ya meza?

Kaka yako


Tarehe 24 Juni

Kwako Fundi,

Marahaba. Asante kwa mashati, ambayo sikujua kama yapo mengi hivyo.

Dada yangu amenikasirikia na sielewi kichwa wala miguu. Wewe uliniandikia kwamba kuna jambo huliandiki. Tafadhali sasa liandike. Nitamwambia mwenyekiti kwamba nilikushurutisha.

Wako,
Kaka yake


Tarehe 15 Julai

Kwako Mzee,

Shikamoo. Nilikuwa nikishona suruali barua yako ilipoletwa, nikajichoma sindano.

Mzee, sisi wote tulidhani unajua. Meza kubwa haiingii sebuleni. Inaingia tu kama tutauvunja ukuta wa chumba cha pili, na chumba cha pili ni chumba chako. Mama yenu aliacha neno kwamba kisiguswe mpaka urudi. Kwa hiyo mwenyekiti alituambia hivi, nami niliandika kwenye kumbukumbu za kikao: "Akichagua ndogo, anarudi. Akichagua kubwa, harudi. Msimwambie, maana mkimwambia atachagua kwa kutuonea haya." Nawe ukaandika kubwa, ukasema huna shaka, na ukuta tusiuonee huruma.

Wanachama wana furaha na aibu kwa pamoja. Meza imekwisha kuletwa, iko uani kwa vipande chini ya turubai, mawe yamesimamishwa kwa ubavu kama ulivyoagiza. Bwana Faulo ameweka kiti pembeni analinda, ingawa hakuna anayeweza kuiba jiwe lisilobebeka. Mwashi alikuja wiki iliyopita na nyundo yake. Nilimwambia bado natafuta tepu nyingine ya kuhakikisha vipimo, akaondoka akisema sisi si watu wa maana.

Mwenyekiti haingii klabu siku hizi. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha chumba chako, ndani hamna kitu ila mashati ukutani. Nilimshauri akuandikie tena. Akaniambia, "Kama moyo wake umechagua meza, mimi ni nani wa kumpimia upya?"

Jambo moja limenikosesha raha, na ndilo hasa ninalotaka kukuambia. Ulisema meza inaingia bila taabu, pamoja na benchi. Mtu anayejua kazi hawezi kusema hivyo. Nikapima sebule kwa tepu yangu mwenyewe alipokwenda dukani. Urefu ni mita tano na nusu, upana mita tano. Hiyo tano na nusu ya mwenyekiti ni sawa na yangu, ila yake ni fimbo na yangu ni mita. Fimbo ya kuchezea si mita moja, Mzee. Hata mimi ninayecheza vibaya najua hilo.

Wako mtiifu,
Katibu


Tarehe 8 Agosti

Chaki,

Simamisha mwashi. Sikujua habari za ukuta. Nilidhani ni unyevu, na neno nililoandika liliuhusu unyevu tu. Nilichagua kubwa kwa sababu uliniambia fimbo tano na nusu, na katika fimbo tano na nusu meza ile inaingia, chumba changu kikiwa kimesimama mahali pake. Sikuchagua lolote lingine. Hukuniuliza lingine.

Fundi amepima kwa tepu. Mita tano na nusu, kwa fimbo ya Baba ninayoijua, hazifiki fimbo nne, kama nilivyokuwa nikikumbuka. Tepu ya Fundi inakubaliana na kichwa changu. Fimbo ya Baba uliyopimia ndiyo inayopingana na vyote viwili. Nilikuwa tayari nimekwisha kukiri kwamba nimezeeka.

Fimbo ina nini?

Kaka yako


Tarehe 1 Septemba

Kaka, shikamoo.

Fimbo imekatwa. Niliikata mimi.

Miaka minne kabla Mama hajafariki alianguka bafuni, na tangu siku ile mguu wa kulia haukumtii. Hukuambiwa. Nilikuandikia kwamba anatembea uani jioni, na kweli alikuwa akitembea uani jioni, ila hukuambiwa kwa nini alichukua muda mrefu. Alikataa mkongojo wa dukani, akasema ule ni wa wazee. Alitaka fimbo ya Baba. Alishika ncha, mimi nikashika msumeno, tukaikata pale inapoanza kuwa nyembamba. Upande mnene ukawa mkongojo wake. Chini tuliuvalisha kipande cha kandambili ili usiteleze. Alitembea nao hadi wiki ya mwisho.

Nilimbembeleza tukuandikie. Akasema, "Akija, aje kwa miguu yake. Asije kwa mguu wangu."

Uliponiambia nipime kwa fimbo ya Baba, nilikwenda nyuma ya mlango nikaichukua, nikapima. Naiona kila siku, Kaka. Kwangu hiyo ndiyo fimbo ya Baba. Sikukumbuka kwamba kichwani mwako bado ni ndefu. Wala sikukudanganya kwa makusudi, ila ni kweli kwamba nilikuwa nimezoea kutokutaja jambo hilo, na mazoea yakanishika mkono.

Kile kipande chembamba nacho kipo. Ndicho ninachoegemeza dirisha la chumba chako lisijifunge.

Sikutaka kukuuliza wazi kama unarudi. Nimekuuliza wazi mara nyingi, kila mara unajibu mwakani. Nilidhani nikikuuliza kwa meza utajibu kweli. Ulipojibu nililia jikoni siku nzima, halafu nikapata usingizi mzuri kuliko siku nyingi, jambo ambalo sikulielewa na bado silielewi. Halafu barua yako ya Agosti imekuja, unasema hukuchagua. Sasa sijui nilie au nilale.

Mwashi amesimamishwa. Meza iko uani. Hoteli wamesema ndogo nayo haijapata mnunuzi, twaweza kubadilishana. Jirani yuko tayari kurudisha godoro, ingawa mgeni wake amelizoea.

Sasa unajua vyote, na vipimo ni sahihi. Chagua tena.

Chaki


Tarehe 27 Septemba, mwaka wa thelathini na nne

Chaki wangu,

Umesaini jina lako. Nimeanza kuisoma barua kutokea hapo, kisha nikarudi juu.

Kwanza Mama. Nimejaribu kumwona akivuka ua na fimbo ya Baba mkononi, kandambili chini, na nimeshindwa. Mama ninayemwona mimi anatembea upesi na ananiambia niondoe miguu njiani. Sikulaumu wewe wala yeye. Najua ningeambiwa habari za mguu ningekuja. Ningekaa wiki mbili, ningenunua mkongojo wa dukani, ningeondoka. Mama alinijua.

Baada ya barua yako nilifanya jambo la kipuuzi. Asubuhi, kabla wateja hawajaja ukumbini, nilichukua chaki na fimbo yangu, nikachora sakafuni chumba changu cha huko kwa vipimo ninavyovikumbuka. Nikaweka kitanda, nikaweka dirisha, nikaweka meza ya kusomea. Vyote vilikaa sawa. Kisha nikasimama katikati nikataka kutoka, nikagundua kwamba sijui mlango unafunguka kwa ndani au kwa nje. Nilisimama pale kama mtu aliyefungiwa na mstari wa chaki. Yule mama anayefagia ukumbi akaniita kwa jina wanaloniita huku, akaniuliza nimepoteza nini, nikaitika bila kufikiri. Nikaukanyaga mstari nikatoka.

Nilikuwa nimejiandaa kukuandikia kwamba nilikumbuka vibaya, na hilo lingekuwa rahisi. Kumbe nilikumbuka sawasawa. Sebule ni fupi kama nilivyosema, Bwana Posta alikaa pale nilipomweka. Ila nimekuwa nikiipima kwa fimbo ambayo haipo, na ninyi mmeishi ndani yake na fimbo mliyonayo. Mashati ya Fundi nayo yamepimwa kwa shati la kijana mwembamba. Mwambie sasa mimi ni mnene, na kwamba hayo mashati yatamfaa mtu mwingine, na nashukuru kwa kila kifungo.

Unakumbuka kwamba vurugu iliyonitoa huko iliisha zamani. Nimekuwa huru kuja kwa zaidi ya miaka kumi. Kila mwaka nilipoandika mwakani, sikuwa nikidanganya. Nilikuwa nikiamini, kama Bwana Faulo anavyoamini kila pigo kwamba mpira mweupe safari hii utabaki mezani. Lakini wewe ulikuwa ukitandika kitanda kwa imani yangu. Ulilala vizuri nilipochagua kubwa kwa bahati mbaya. Ulisema hulielewi hilo. Mimi nadhani nalielewa: siku ile ulipumzika kungoja, na hilo ndilo lililoniamulia.

Kwa hiyo nachagua tena, vipimo vikiwa sahihi na ukuta ukijulikana.

Chagueni kubwa. Mwite mwashi. Avunje ukuta wote, asibakize kipande cha kumgonga mtu kiwiko, ila boriti ya juu iachwe na nguzo iwekwe kila mwisho. Fundi asimamie, anaona mstari uliopinda kuliko mwashi yeyote. Dirisha la chumba changu libaki. Meza ilale kwa urefu kuelekea dirisha hilo, mpira mweusi ukae upande wa mwanga. Kitambaa kipya kina vinyweleo vinavyolala upande mmoja, kama manyoya ya paka. Vilale kuelekea huko huko, na mkikisafisha pigeni brashi kufuata upande huo, kamwe msirudi nyuma. Mkimaliza, sukumeni mpira polepole, mwangalie.

Kitanda kilipokuwa wekeni kiti chako. Mwenyekiti lazima awe na kiti, na kutoka pale utaona mezani na uani kwa pamoja. Pigo la kwanza lipigwe na Bwana Faulo, ili balaa itoke mapema.

Fimbo ya Baba msiiunge. Ile nene ibaki nyuma ya mlango ilipo, maana ilikuwa ya Mama kwa miaka ambayo sikuiona. Ile nyembamba iendelee kushikilia dirisha. Vitabu vigawiwe, ila nitumie kimoja, chochote, kile kitakachokuwa juu ya boksi ukilifungua.

Njia ya kutoka huko kuja huku ni ileile, na wewe miguu yako ni mizima. Nina chumba cha pili, na godoro halijawahi kulaliwa. Mlango wake unafunguka kwa ndani. Nimeuangalia leo kabla ya kuandika.

Nimekuambia mwakani kwa miaka mingi, na umenivumilia. Sasa nakuambia wazi, uache kufungua dirisha kwa ajili yangu na ulifungue kwa ajili yenu. Mimi sitarudi.

Kaka yako